Dakika Kumi na Moja

Notisi imebandikwa kwenye mlingoti wa taa,
karatasi ndani ya plastiki, pini nne za kutu:
duka la samani la Eilertsen
laomba kuongezwa ghorofa mbili, na ghala kwa nyuma.
Mwenye pingamizi aandike kabla ya tarehe ishirini.

Torgunn wa nyumba ya manjano
kaandika juu ya malori: saa kumi na moja alfajiri
yanarudi kinyumenyume, pi, pi, pi,
mtoto huamka, mama huamka, mbwa huamka.
Rangvald kaandika juu ya maegesho,
kurasa sita na mchoro wa rula.
Huyo hugombea hata kivuli cha pipa lake la taka.

Mimi nimeshika kalamu tangu jana.

Huku jua hutuaga mwezi wa Novemba,
likatuachia buluu, na taa, na theluji ya kukwangua.
Kisha siku moja ya Januari, saa sita kasorobo,
huchungulia kati ya paa la Eilertsen na bega la mlima,
likaingia dirisha la jikoni kwangu
na kukaa dakika kumi na moja.
Nimelipima kwa saa ya kuokea.
Siku hiyo twala maandazi yenye jamu,
wala hatusemi sana.
Mama alikuwa akigeuza kiti chake mapema,
kama amsubiriye mgeni asiyechelewa.
Kiti bado kimeelekea huko.

Ghorofa mbili ni mita sita na nusu.
Nimepiga hesabu. Zinatosha.

Wala Eilertsen si mtu mbaya.
Mama alipofariki alituletea viti ishirini bila malipo,
akasimama mlangoni, kofia kaishika mkononi.
Ana wana watatu, hataki wahamie Oslo.
Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, husemwa;
haikusemwa jirani wa ghorofa ngapi.

Fomu yauliza: *Taja hasara, kwa fedha ikiwezekana.*
Nimeandika: dakika kumi na moja.
Nimefuta.
Nimeandika tena, kwa herufi ndogo.

Jua litarudi tarehe kumi na nane, mawingu yakiridhia.
Nitamwita Eilertsen aje ale andazi.
Sitamsomea fomu.
Nitamkalisha kwenye kiti cha mama,
kiti alichotuuzia baba yake,
kinachotazama dukani kwao.