Mengineyo

Katika utafiti mimi si Zuwena, ni thelathini na nne.
Ghaniya ananiwekea kisomeo chini ya mtulinga,
walipokizika kile kidude, kadiri ya kiberiti,
na moyo wangu unatoka mashineni, mistari mistari.

"Tarehe tisa, saa nane usiku, mapigo mia na arobaini.
Ulikuwa unafanya nini, mama?"
Nilikuwa nimelala, namwambia. Anaandika.

Nje Ibra inaungua, paka wamejibanza chini ya magari.

Hapana, mwanangu. Futa.
Simu ililia kutoka Wete. Dada yangu,
miaka kumi na moja hatusemezani, shauri ya mikarafuu ya baba.
Alikohoa kwanza, kisha akaniita Zuzu.

Ghaniya anashuka na kalamu, kisanduku kwa kisanduku,
hadi chini kabisa.