Mita Mia Saba na Hamsini

Baiskeli ninayo. Tanga nani hana?
Na mbio nimekimbia tangu shuleni, peku,
Pongwe na kurudi, vumbi la katani puani.
Limebaki la tatu, maji:
mita mia saba na hamsini
bila ukuta wa kushika.

Juni imeingia. Masika yameondoka
lakini hayakufagia.
Ghuba nzima rangi ya chai ya maziwa,
magogo, makuti, ndala moja ya mtoto
inaelea kama inajua inakokwenda.

Nilianza na Mabayani.
Bwawa limetulia, nikasema hapa hapa.
Mlinzi, jina Shemdoe limeshonwa kifuani,
akaitazama miwani yangu, akaitazama kofia ya mpira,
akauliza bila ukali:
"Dada, si ndiyo maji unayokunywa haya?"
Nikasema ndiyo.
"Basi?"
Sikuwa na jibu la basi.

Mto Sigi sikuvua hata viatu.
Mama mmoja anafua, mguu mmoja ndani, mmoja nje,
macho yake hayapo kwenye nguo.
Mamba wapo?
"Leo sijawaona,"
na hiyo leo akaivuta
mpaka nikaelewa.

Mwambani bahari ilinikimbia.
Nilifika saa nne, siku ya bamvua;
imehama, imeacha tope na kaa,
na mimi na vazi langu la kubana
naifuata kama mdai.
Maji magotini.
Maji magotini.
Hatua mia mbili, maji magotini.

Nikaacha kalenda ya ukutani, nikahesabu mwezi.
Siku ya nane, maji mafu,
yasiyokwenda mbali, yasiyorudi kwa kishindo.
Jumapili, saa tatu, Raskazone.
Kiunoni nimefunga dumu la njano,
la lita tano, lililokuwa la mafuta ya kula,
ili wenye boti za mashine wajue
hapa kuna mtu.

Mwanakombo anakaanga mihogo.
"Ukipotea nimwambie nani?"
Nikampa simu, ufunguo, jina la mume wangu.
"Mimi kuogelea sijui," akasema,
"ila dumu nitalitazama.
Likisimama napiga kelele."

Mita mia za mwanzo pumzi ilikataa.
Ilikuja vipande vipande, kama mshahara.
Chumvi, tope, ladha ya dizeli.
Konyeza akanichapa shingoni, sikumwona.
Halafu, sijui lini, mikono ikaizoea kazi.
Juu maji ya mto, baridi, hayana chumvi,
mvua ya Amani iliyoshuka milimani;
chini yake bahari, vuguvugu.
Kila nikizamisha kiganja
kinapita nchi mbili.

Kila pumzi ya sita nainua kichwa
niitafute kreni ya bandari.
Ipo kulia. Ipo kulia.
Ipo kushoto.
Mkondo hausemi unapokubeba.

Nikaibuka kwenye bustani ya hoteli,
kati ya wageni wanaokunywa chai.
Askari akaja na kirungu na adabu:
"Mgeni wa chumba namba ngapi?"
Nikamwonyesha dumu.
Akafungua geti.

Nikarudi kwa miguu, lami inaunguza,
watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri,
nami natiririka katikati yao.
Saa ya mkononi inasema dakika ishirini na sita.
Umbali haisemi, ni ya bei rahisi.

"Ulinitazama?"
"Nilikuhesabu mikono mpaka mia nne,"
akasema Mwanakombo, anageuza mihogo.
"Halafu mteja akaja."

Nikakaa juu ya ndoo, nikala,
pilipili mdomoni, konyeza shingoni,
moto huku na huku.
"Jumapili ijayo njoo mapema,
kabla ya wateja."
Jumapili ijayo ni bamvua, nikamwambia.
Saa hizi bahari haitakuwepo.

"Basi ile nyingine."

Ile nyingine.