Swali la Tisa

Jumanne, wodi ya figo, mjini Lodzi.
Theluji imegeuka tope nje ya dirisha.
Bi Bogumila amenyoosha mkono; mashine
inaivuta damu yake, inaiosha, inamrudishia:
saa nne, mkopo wa siku mbili.

Mimi nina dodoso na kalamu ya idara.
"Wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekosa hamu?
Sifuri, moja, mbili au tatu?"

"Hamu ya nini? Ya chumvi?
Maji, mwanangu, nayanywa kwa kijiko."
Naandika mbili. Nafuta.

Miaka thelathini alifuma kiwandani.
"Uzi hukatikia sikioni kwanza," anasema,
"jicho huja baadaye.
Nyie mnangoja kitambaa kitoboke."

Swali la tisa linahusu kufa.
Nalisoma polepole, macho kwenye karatasi.
Hajibu. Anaitazama mirija,
nyekundu ikienda, nyekundu ikirudi,
kisha ananiomba nimvutie blanketi miguuni.

Vidole vyake ni barafu.
Navishika kwa mikono miwili
(dodoso halina kisanduku cha hili)
mpaka mashine inapolia.

"Haya," anasema. "Sasa uliza tena."