Malai Yaliyozama

Katika nyumba hii siku haianzi kwa jua.
Inaanza kwa mashine ya kukamulia,
saa kumi na moja alfajiri, ukungu ungali
umeilalia mifereji ya Frislandi,
na baba yangu, Sjoerd, akiwaita ng'ombe kwa majina
kama mwalimu anayeita mahudhurio:
Klaske, Tjitske, Klaske mdogo, yule anayechechemea.

Sitini na wanne. Vizazi vitano vya ukoo wetu
vimesoma, vimeoa, vimezikwa
kwa fedha ya maziwa.

Kisha nikakuzaa wewe, Wobbe.

Wiki ya tatu, damu kwenye nepi, nyembamba kama uzi.
Ngozi ikachachamaa, usiku ukawa kilio kimoja kirefu.
Daktari akaniuliza, "Na wewe mama, unakula nini?"
Nikacheka. Swali gani hilo?
Jibini asubuhi, siagi mchana, mtindi kabla ya kulala.
Kumbe yote yalikuwa yakipita kwangu
yakikufikia wewe,
kwa upendo, kila baada ya saa mbili.

Mzio, akasema.
Neno la kale hilo, zito: kile ambacho ukoo haukili.
Wapo wenye mzio wa kondoo,
wapo wa samaki asiye na magamba.
Wako, mwanangu, ni kile kile kinachotulisha.

Nikaanza kusoma upya, ukubwani,
migongo ya pakiti, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Kasini ndani ya soseji! Unga wa maziwa ndani ya bisi!
Na mashangazi, kila Jumapili:
"Hata kidogo?" Hata kidogo.
"Ya mbuzi je?" Hata ya mbuzi.
"Si yale mambo ya gesi tumboni?" Si hayo.
"Maskini. Atakula nini?"

Atakula nini.
Ya mlozi uliyatema.
Ya mchele yalikuwa maji yaliyopita karibu na wali.
Ya soya uliyakubali Jumatatu, ukayakana Jumanne.
Bi Soekarsih, Msuriname mwenye duka karibu na stesheni,
alinishikisha makopo mawili ya tui la nazi.
"Kwetu," akasema, "keki haijawahi kumhitaji ng'ombe."
Nililia pale pale, kati ya pilipili na sabuni.

Baba hakusema neno.
Aliikuta pakiti ya maziwa ya oti mezani,
akaigeuza, akairudisha taratibu
kama mtu aliyekuta kofia ya mwanamume mwingine
kwenye kiti chake.
"Oti," alimwambia mbwa, "ni ya farasi."

Ulipotimiza miaka miwili alitoka zizini moja kwa moja
akakubusu, povu likiwa kwenye masharubu.
Shavu likavimba pale pale,
umbo la mdomo wake, wazi kama muhuri.
Sindano pajani. Gari la wagonjwa. Barabara yote ile.

Kesho yake alikuja mezani amenyoa.
Masharubu ya miaka arobaini.
Mama alimtazama kama mgeni,
akampakulia viazi.

Hatukuyazungumza.
Ila vuli hii nimemwona akipima kipande cha shamba
kando ya mfereji, akirudi na gunia.
Akasaga mwenyewe. Akaloweka.
Akatoa kitambaa chake cha kuchujia; nikasema hapana.
"Nimekichemsha." Hapana, baba.
Akaendesha hadi Sneek, akanunua kipya, na chupa mpya,
na risiti akanionyesha.

Kisha akakamua.
Vidole vile vile, kidole gumba vile vile,
kile kitambaa kikining'inia kama kiwele.
Chupa akaiweka penye dirisha la baridi usiku kucha,
kama mama yake alivyofanya, akingoja malai yapande.

Asubuhi, juu maji ya kijivu,
chini tope jeupe, kimya.
Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono mfukoni.
"Malai yake yamezama," akasema.

Nawe, mwenye miaka minne, mtaalamu,
ukiwa na soksi moja tu mguuni:
"Tikisa, babu."

Akatikisa.