Kutikisa Nazi

Miaka kumi na mmoja nilisimama mbele ya kidato cha nne
hapa Mikindani, nikiwauliza: mwataka kuwa nani?
Akisema rubani, nampigia makofi.
Akisema daktari, namwambia: soma.
Ndio ulikuwa ushauri wangu wote,
mwepesi kama bisi, na wa kushibisha vivyo hivyo.

Hata siku moja, Shimanzi, jua la saa sita,
nikamwona Twahir Shee chini ya gunia la mchele.
Shahada ya ununuzi na ugavi, alama za juu;
fomu nilimjazia mimi.
Akalitua, akaniamkia kwa adabu.
"Ulinionyesha mlango, mwalimu," akasema.
"Hukuwa umeusukuma."

Hakusema kwa uchungu. Ndiyo maana sikulala.

Likizo ya Aprili nikanunua daftari na raba za mia tano,
nikaenda lango kwa lango na swali moja:
Mnamtafuta nani, na hampati?

Shimanzi, ghala la baridi: fundi wa mitambo hii.
Yuwaja kwa ndege kutoka Nairobi;
sisi twamngoja, na samaki nao wamngoja.
Nyali, chini ya jumba la ghorofa kumi na nne: wa lifti.
Bibi mmoja apandishwa ngazi kwa kiti cha plastiki,
wajukuu wanne, kila mmoja na mguu wake wa kiti.
Bandarini mlinzi alinizuia siku mbili.
Ya tatu, bwana wa karakana akatoka kuvuta sigara,
akanitajia kazi tatu ambazo majina yake
sikuweza kuyaandika mpaka anirudie.
Bamburi, hotelini: wahudumu? Wa kumwaga.
Lakini ajuaye Kipolandi, mlete hata usiku.
Na afisi ya uwakala wa forodha, barabara ya Moi:
meza nane, watu wawili, feni yapepea viti.
"Kompyuta imekula wenzetu.
Tafadhali, usituletee watoto."

Hilo nalo niliandika. Hilo hasa.

Shule zilipofunguliwa nikapaka weusi ukuta wa maabara,
nikaandika kwa chaki: kazi, mahali, wangapi,
mafunzo wapi, mshahara wa kuanzia.
Na tarehe, kwani soko ni maji: hupwa, hujaa.

Mzee Bashora akaja, kofia mkononi.
"Niuze kiwanja, mwanangu akazibe friji?"
Nikamwambia, mzee, sikumchagulia.
Mchagua nazi hupata koroma, najua.
Lakini pale Kongowea huinunui nazi
kabla ya kuitikisa karibu na sikio, usikie maji.
Mimi namtikisia tu.
Akaondoka bila kuaga. Kesho yake nikamwona nyuma ya maabara,
anasoma ukuta, midomo ikicheza.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe Umazi,
wa dawati la mwisho, asiyeinua mkono:
"Na isiyoandikwa hapo, ndiyo haipo?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na chaki; nikampa.

Baada ya wiki mbili, mwandiko wa kulala upande:
*Mkalimani wa lugha ya ishara. Mahakamani.
Wanaohitajika: watatu. Aliyepo: mmoja, naye mgonjwa.*
Alikwenda peke yake, sare mwilini;
karani alidhani amekuja kushtaki mtu.
Kwao ana kaka, Karisa, asiyesikia.
Miaka kumi na sita mikono yao imezungumza jikoni
na hapana aliyeiita kazi.

Twahir bado yuko Shimanzi.
Nilimpelekea nakala ya ukuta, karatasi ya kukunja mara nne.
Aliisoma akikalia gunia. Akaomba kalamu,
akakata mshahara wa fundi wa baridi, akaandika mwingine juu.
"Wanalipa zaidi ya hapo, mwalimu.
Mimi hupita mlangoni mwao kila siku."
Kalamu akanirudishia.
Karatasi akaitia mfukoni.