Kurunzi ya Nguzoni

Alikuja saa tisa alasiri, Barabara ya Kumi na Nne,
pikapu ikinuka machungwa ya Muheza,
matenga mawili matupu nyuma.
Akashuka akiupapasa mlango, bonde kwa bonde,
kama apapasaye ubavu wa ng'ombe wake.
"Wewe ndiye Mwanamvua wa nyaya?"
Ndiye.

Akaitoa kwenye gunia la sukari:
kurunzi ya duara, bakuli la nikeli,
mpini mrefu kama wa upawa.
Ilitoka kwenye gari bovu la shamba la mkonge,
alisema, kwa bei ya mbuzi mmoja.
"Ifunge hapa," akaigonga nguzo ya kioo, upande wa dereva.
"Taa ikae nje, mpini ubaki ndani.
Niizungushe nikiwa nimekaa."

Nikamwambia, Bwana Shekalaghe,
nguzo hii ndiyo inayolishika paa.
Tundu la chuma halizibwi kwa samahani.
"Toboa," akasema.
Upesi mno. Wenye magari wote husita hapo.

Nikabandika utepe, keekee isiteleze.
Nikachora msalaba. Nikapiga sentapanchi: ta.
Keekee nyembamba kwanza, tone la oili,
drili ikalia hadi mpiga pasi wa jirani akafunga dirisha,
na chuma kikaanza kujikunjua, nyuzi nyuzi.
Nikamkinga kiganja chake, azione:
nyeupe ya juu, aliyopaka mwenyewe;
chini yake kijani, enzi za Idara ya Mifugo;
chini kabisa kijivu, ambacho hakuna aliyenisimulia.
"Ukifika kwenye kijani uniambie," akasema.
Kijani kilikuwa kimejaa mkononi mwake.

Nikadhani ni jua.

Nikapanua tundu. Nikalipaka dawa ya kutu kingo zote,
nikavisha mpira, maji ya masika yasipate njia,
nikapitisha mpini, nikakaza nati
robo, na robo nyingine, nikaacha.
Waya nikaulaza nyuma ya dashibodi,
mwekundu kwa betri, mweusi kwa bodi,
fyuzi katikati kama mshenga.
Magharibi ikaadhiniwa. Tukaswali. Giza likatosha.

"Washa."
Akawasha.
Ukuta wa godauni, ng'ambo ya barabara,
ukaruka mbele kama uliyeitwa jina.
Maneno ya rangi nyekundu, kila herufi urefu wa mtoto:
USIKOJOE HAPA.
Nikamwuliza kwa mzaha, soma, tuone kama taa inafaa.
Akauzungusha mpini, akakaza macho, akatabasamu.
"Mungu ni mwema," akasoma.

Kijana wa juisi ya miwa akacheka mpaka akashika mashine.
Mimi nilikuwa nikimtazama mzee machoni,
mwanga ukimrudia kutoka ukutani:
kwenye mboni ya kulia mtoto wa jicho amelala,
mweupe, hana habari na mtu.
Kwenye ya kushoto mdogo wake anajifunza kutambaa.

Na saa kumi alfajiri angeondoka na matenga ishirini,
njia ya Pongwe, malori upande huu,
upande ule wanawake na ndoo zao za maandazi.

Nikainama chini ya usukani. Nikachomoa fyuzi.
Godauni likarudi lilikotoka.
"Imeungua," nikasema, nayo nzima, ya moto, ndani ya ngumi yangu.
"Ya aina hii madukani haipo.
Wanayo Bombo, chumba cha macho.
Nenda asubuhi. Mwanao akuendeshe."

Kimya. Injini ikitoa vijisauti vya kupoa.
Akaushika mpini, akauzungusha gizani,
kushoto, kulia, taratibu,
kama ajaribuye kitasa cha nyumba aliyokwisha kuihama.

"Ampea ngapi?" akauliza.
Kumi na tano.
"Niandikie, nisisahau."
Nikararua karatasi ya boksi la balbu.
"Mwanamvua," akasema, pole pole,
"kwa herufi kubwa."