Uzi wa Breki

Bafle ndiyo iliyotangulia kufika kilioni,
imebebwa na mjukuu Numbi juu ya pusupusu,
ikaanza kutandika sauti juu ya sauti
kama mtu aliyevaa makoti saba katika joto la Oktoba:
ngoma isiyo na mpigaji, kinanda kisicho na vidole,
na mwimbaji mmoja aliyejirudia mara ishirini
mpaka akawa umati.
Viti vya plastiki vilitetemeka.
Katuba nzima ikajua baba kafa.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Tukasikia chai ikimiminwa.

Korali ikasimama gizani, kando ya turubai.
Baba aliimba humo miaka thelathini na minne,
sauti ya chini kabisa, ile isiyosifiwa na mtu.
Mapadri wa zamani, aliwahi kunieleza,
walikuja na wimbo wa uzi mmoja:
wanaume wote wapande pamoja, washuke pamoja,
kwa Kilatini, kama foleni ya mshahara.
Uzi ukaja kugawanywa mara nne,
"na sisi wa bezi tukapewa sakafu."

Usiku ule soprano walipanda, alto wakawafuata,
tenori wakajaza madirisha,
na chini palikuwa shimo.
Wimbo ulishuka kama mtu ngazini gizani:
mguu unatafuta kidato cha mwisho, hakipo.
Mama Kilufya, anayewaongoza, hakumnyamazisha mtu.
Aliliacha shimo liimbe.

(Niseme ukweli, mimi sijui kuimba.
Nilikuwa nahesabu sufuria.)

Kisha, kutoka nyuma ya tangi, gitaa.
Mjomba Kyalwe, vidole viwili tu,
kama walivyopiga vijana wa kambi za Kampani
baba bado akivaa kaptula:
cha shahada kinasema, gumba linajibu,
unamwona mmoja, unawasikia wawili.
Gumba lile likaenda moja kwa moja shimoni.
Bezi ya baba, noti kwa noti,
kavu, bila pumzi, bila kile kikohozi cha vumbi la shaba,
lakini ilikuwepo.
Korali ikakanyaga.

"Uzi wangu wa kwanza wa chini," alisema baadaye, akimenya karanga,
"nilimwibia yeye mwenyewe.
Niliifumua breki ya baiskeli yake, nyuzi kwa nyuzi,
nikachagua ulionyooka.
Kesho yake akagonga ukuta wa kiwanda.
Wiki nzima hakunisemesha.
Jumapili akaja na mkono umefungwa,
akanionyesha bezi inapita wapi."

Alfajiri shangazi Mwadi alianza, hakumngoja mtu.
Sauti moja, ya kabla ya mapadri, kabla ya gitaa,
ikiwaita waliomzaa baba, jina baada ya jina.
Hakuna aliyediriki kuweka ya pili pembeni.
Kwenye jina la saba umeme ukarudi,
bafle ikanguruma mara moja
na Numbi akaruka kuizima, bila viatu.
Shangazi hakusimama.
Alikuwa ameshafika kwa babu wa babu.